“Field” iko fasi gani? Neno moja la Kingereza, maana nyingi, na ile moja inayotugharimu



Kuna neno la Kingereza ambalo tulifundishwa mapema sana, na njo maana tunafikiri tunalijua. Neno lenyewe ni field. Mwalimu aliandika ku ubao: field, kwa Kifaransa champ, kwa Kiswahili shamba. Tukaandika mu kaye, tukapita. Baadaye tukaanza kulikuta fasi ambazo hakuna jembe wala mbegu: mu fizikia, mu hesabu, ku fomu za intaneti, ku mupira, ku habari za vita. Na siku hizi, kijana akiisha kupata licence yake na kuanza kutafuta kazi, analikuta karibu ku kila tangazo: field officer, field assistant, field experience miaka 3.

Leo nataka tulichambue neno hili. Wengine watasema: si neno tu? Ndiyo, ni neno. Lakini ni neno ambalo mtu anaweza kukosea maana yake akapoteza nukta ku mtihani, au akakosea maana yake akajiandikia mwenyewe ku CV kwamba hajui kitu, wakati anajua. Tangu inchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kingereza kimetukaribia zaidi, na karatasi za Kingereza zitazidi kuongezeka ku meza zetu. Heri tuzisome vizuri.

Mawazo yangu ni haya: maana ya field haipatikani kwa kushika orodha ya dictionnaire. Inapatikana kwa kuuliza swali moja: hapa field imewekwa kinyume na nini? Ukipata kile kinachosimama upande wa pili, umepata maana. Na ukipata upande wa pili wa ile field ya matangazo ya kazi, utaona kitu ambacho si cha kufurahisha sana.

1. Mwanzo: upande wa pili ulikuwa pori

Mu Kingereza cha zamani neno lilikuwa feld, na maana yake ilikuwa ardhi iliyo wazi, isiyokuwa na miti. Wajerumani wako na Feld, Waholanzi wako na veld, ni jamaa moja. Kwa hiyo mwanzoni field haikuwa lazima shamba lenye kulimwa. Ilikuwa fasi wazi, kinyume na pori. Majina ya miji ya Uingereza bado yanatunza maana hiyo: Sheffield, Huddersfield, Wakefield. Sheffield maana yake ni ardhi ya wazi kando ya mto Sheaf. Nyinyi wapenzi wa mupira, ile Anfield ya Liverpool munayoitaja kila wiki nayo ina neno hilo ndani yake.

Kisha maana ikahama. Mu vijiji vingi vya Uingereza ya zamani watu walilima vipande vyao mu ardhi kubwa isiyokuwa na uzio, na baada ya mavuno ngombe za kijiji zote zililisha pale. Halafu, zaidi sana mu karne ya 18 na ya 19, bunge lao lilipitisha maelfu ya sheria za kufunga ardhi hizo: uzio ukawekwa, mwenye karatasi akabaki ndani, maskini wengi wakabaki inje na kwenda kutafuta kazi ku miji. Kwa hiyo neno lililokuwa linasema “fasi wazi” likaja kusema “kipande kilichofungwa, chenye mwenyewe”. Upande wa pili haukuwa tena pori. Ulikuwa ardhi ya wote.

Siye wa Kivu, ambao kila mwaka tunasikia ugomvi wa mashamba kati ya wakubwa wenye titre na watu waliolima pale tangu babu zao, hatuhitaji mtu atueleze sana hadithi hiyo. Neno moja linaweza kugeuka hivyo, na pamoja nalo maisha ya watu.

2. Kila upande wa pili unazaa maana yake

Kuanzia pale neno likatembea. Jeshi likitoka mu kambi na kwenda fasi ya mapigano, iko field: kinyume na kambi na nyumba. Njo kunatoka battlefield, njo kunatoka hospitali ya field, yaani hospitali ya hema inayofuata jeshi, kinyume na hospitali ya mji. Njo kunatoka pia cheo cha Field Marshal, ambacho Idi Amin wa Uganda alijipa mwaka 1975. Mobutu wetu naye alikuwa Marshali mwaka 1982, lakini kwa Kifaransa, kwa hiyo yeye hakupewa shamba! Mashini ya kutafsiri, ukiiacha peke yake, inaweza kukuletea “Marshali wa Shamba”, na mtu anaweza kufikiri ni mkubwa wa wizara ya kilimo.

Tucheke, lakini kuna fasi ambapo kosa hilo halichekeshi. Minefield ni fasi iliyotegwa mabomu. Lile neno mine nalo liko na maana mbili, mgodi na bomu la kutegwa, sawa na mu Kifaransa. Mtu mwenye haraka anaweza kusoma “shamba la mgodi” na akafikiri kuna kazi ya dhahabu pale. Goldfield njo fasi ya dhahabu. Minefield, usiende.

Upande wa sayansi, watu waliosoma wanyama na mimea waliita field ile fasi ambako kiumbe anaishi mwenyewe, kinyume na labo na makabati ya musée. Wanaanthropolojia wakachukua neno hilo. Malinowski alikaa ku visiwa vya Trobriand miaka ya Vita Vikuu vya Kwanza, akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1922, na tangu pale mwanafunzi wa anthropolojia ambaye hajaenda ku field haonekani kama amemaliza. Hapa upande wa pili ni maktaba na kiti cha mwalimu.

Ku fomu ya intaneti, field ni kile kisanduku cha kujaza. “This field is required” haisemi “shamba hili linahitajika”. Inasema usipojaza hapa, huendi mbele. Kifaransa kinasema champ pia, kwa hiyo hatuna sababu ya kushangaa.

Na mu shule, field of study ni upande wa elimu ambao mtu amechagua. Kwa Kifaransa, domaine. Kwa Kiswahili sanifu wanasema nyanja: nyanja ya afya, nyanja ya uchumi. Sasa muangalie vizuri: nyanja ni wingi wa uwanja! Uwanja wa ndege, uwanja wa mupira, uwanja wa vita, na nyanja za elimu. Kiswahili kimetembea njia ile ile ya Kingereza, kutoka ku fasi ya wazi mpaka ku akili, bila mtu kukilazimisha. Lakini kimefanya hivyo kwa neno uwanja, shamba kikaliacha pale lilipo, kwa mwenye jembe. Nitarudi ku jambo hilo.

Sheria yangu ya “upande wa pili” haifungui kila mlango, heri niseme mapema. Mu fizikia, magnetic field, neno ambalo Faraday alianza kutumia mwaka 1845, ni eneo ambamo nguvu ya sumaku inasikika. Pale swali zuri ni “inafika wapi?”. Na mu hesabu ni ajabu zaidi. Kile ambacho Wangereza wanaita field, Wafaransa wanaita corps, yaani mwili! Mjerumani Dedekind alikiita Körper, mwili, mwaka 1871. Wafaransa wakamfuata. Mmarekani Moore akachagua field mwaka 1893, na Wangereza wakabaki na shamba lao. Finaliste wa hesabu anayesoma makala ya Kingereza na kutafuta corps hataiona. Hapo hakuna kuwaza, ni kushika kichwani tu.

3. Agronome pia anapotea ndani ya shamba

Mtu atasema: miye nilisoma agronomia, kwangu field ni shamba, mambo yamekwisha. Hayajaisha. Tuchukue maneno mawili tu: field capacity.

Maana ya kwanza kila mmoja wetu aliifanyia mtihani wa pédologie. Mvua kubwa imenyesha, udongo umejaa maji. Maji ya ndani ya matundu makubwa yanashuka chini, siku 2 au 3. Kile kinachobaki, ambacho udongo umeshika, njo field capacity, kwa Kifaransa capacité au champ. Udongo wa mchanga unashika kidogo, udongo wa mfinyanzi unashika zaidi. Ku labo tunaipima kwa kukadiria, mara nyingi kwa mgandamizo wa kPa 33, lakini jina lenyewe linakumbusha kwamba ukweli uko shambani: upande wa pili hapa ni labo.

Maana ya pili iko mu somo la mashini za kilimo. Mashini yenye upana wa metre 2 ikitembea kilometre 5 kwa saa, ku karatasi inalima metre karé 10.000, yaani hekta 1 kwa saa. Hiyo pia wanaiita field capacity! Lakini tractor lazima izunguke ku mwisho wa shamba, mtu ajaze mbegu, atoe majani yaliyokwama. Ikibaki 80 kwa mia, unapata hekta 0,8 kwa saa. Kwa Kifaransa wanasema débit de chantier. Hakuna maji hapa hata kidogo.

Maana ya tatu haiko mu kitabu chetu, iko mu rapoti za ONG: “limited field capacity”. Maana yake wafanyakazi wao walio inje ya biro kuu ni wachache, au pikipiki hazitoshi.

Muwazie sasa mkutano mmoja wenye watu watatu: mtu wa udongo, mtu wa mashini na mtu wa mradi. Wote watatu wanasema “field capacity iko chini”. Wote wanatikisa kichwa, wanakubaliana. Wa kwanza anataka mbolea ya asili ili udongo ushike maji. Wa pili anataka kupanga shamba vizuri ili tractor isizunguke sana. Wa tatu anataka pesa ya kuajiri. Wanatoka wakiwa wamekubaliana juu ya neno, si juu ya kitu. Kifaransa kingewasaidia, sababu kiko na maneno matatu mbalimbali. Kwa hiyo tusidharau lugha tulizo nazo. Neno likikusumbua mu Kingereza, lipitishe mu Kifaransa na mu Kiswahili. Kule linakotoka na majina mawili au matatu, ujue lilikuwa linaficha vitu viwili au vitatu.

Mfano mwingine wa haraka: field day. Kwa agronome ni siku ambayo walimaji wanaalikwa kuangalia shamba la majaribio. Lakini gazeti likisema kwamba wapinzani wa waziri “had a field day”, halisemi walienda kuangalia mihogo. Linasema walipata nafasi nzuri ya kumchamba, na walifurahi.

4. Field ya matangazo ya kazi: upande wa pili ni biro

Sasa tufike ku ile maana inayotugharimu. Ku tangazo la kazi, field si shamba, hata kama kazi ni ya kilimo. Ni kile ambacho Kifaransa kinaita terrain. Na upande wake wa pili ni biro.

Ukilisoma hivyo, utaona kwamba field haina fasi yake yenyewe. Inategemea aliyekaa ku biro ni nani. Kwa mtu wa Geneva, Congo yote ni field. Kwa mtu wa Kinshasa, Bukavu na Goma ni field. Kwa mtu wa Bukavu, field ni Walungu. Kwa aliyeko Walungu centre, field ni groupement fulani, mwendo wa saa mbili kwa pikipiki. Kila mmoja anasema “naenda ku field” na kila mmoja anamuonyesha aliyeko mbali kidogo naye. Field ni fasi ambako biro yangu haiko, basi. Na mwisho wa mnyororo huo kuna mama mwenye jembe. Yeye hana mtu wa kumuonyesha. Yeye hasemi “niko ku field”. Anasema “niko ku shamba”, au anasema tu “niko ku kazi”.

Ubaya uko wapi? Uko ku fomu. Kuna kijana aliyezaliwa Kabare. Tangu utoto analima maharagi na mama yake, saison A na saison B, na wakati wa kiangazi analima ku marais. Anajua ni udongo gani unashika maji na ni upande gani wa kilima mvua ya kwanza inafika. TFC yake ilikuwa juu ya nafasi kati ya mistari ya maharagi, alipima mavuno yeye mwenyewe. Anafika ku swali “years of field experience”, anafikiri, kisha anaandika 0. Sababu gani? Sababu hakuwa na badge wala jipe. Alikuwa nyumbani. Na kweli, kwa ile maana ya biro, mtu hawezi kwenda ku field kama amezaliwa pale.

Mwingine, aliyekuja kutembea mara tatu kwa juma moja moja, anaandika kwamba ana field experience mu Kivu. Hasemi uongo. Alitoka mu biro, alienda, alirudi. Neno lilitengenezwa kwa ajili ya mwendo wake, si kwa ajili ya makao ya yule wa Kabare.

Najua jibu la wakubwa wa kazi, na ni jibu lenye haki kiasi. Watasema: tukiandika field experience tunatafuta mtu anayejua kuongoza enquête, kuongea na mwami na chef de groupement kwa adabu, kufuata sheria za usalama, kuandika rapoti ikifika Ijumaa. Kulima na mama si vitu hivyo. Sawa. Basi muviandike hivyo! Mukitaka mtu wa enquête, museme enquête, na ngapi. Mukitaka mtu anayejua kuongoza kikundi cha walimaji, museme kikundi. Neno moja lenye maana kumi linampa mwenye kuchagua uhuru mkubwa: akimtaka fulani, neno linapanuka, asipomtaka, linafinyana. Na aliyekataliwa hatajua alikataliwa ku maana gani.

5. Na siye wenyewe: “tunashuka”

Tusilaumu Wangereza peke yao. Kwetu huku tunasema terrain, na tumeongeza kitu ambacho Kingereza hakina. Hatuendi ku terrain. Tunashuka! “Kesho tunashuka ku terrain.” “Kulikuwa descente.” Ku rapoti tunaandika hivyo, ku redio tunasema hivyo.

Sasa tuchukue ramani. Bukavu iko kando ya ziwa Kivu, na maji ya ziwa yako ku metre karibu 1.460. Kutoka pale kwenda Walungu barabara inapanda. Kwenda Kabare inapanda. Kwenda ku hauts plateaux, usiseme. Anayeshuka kweli ni yule anayepitia Kamanyola kwenda Uvira, ambako ziwa Tanganyika liko ku metre karibu 770. Wengine wote tunapanda kilima, pikipiki inalia, magoti yanalia, na mdomo unasema “tunashuka”.

Kile tunachoshuka si kilima. Ni ngazi ya heshima iliyo mu kichwa: biro juu, mlimaji chini. Neno likiisha kutuzoeza hivyo, tunafika ku shamba la mtu tukisimama kama wageni wa heshima, tunapewa viti, tunatoa masomo, tunapiga picha, tunapanda jipe. Yule papa anatuita “Bwana agronome”, sisi tunamuita “bénéficiaire”.

Wala Kiswahili si mtakatifu. Ku Tanzania na Kenya, kumuita mtu mshamba ni tusi: maana yake hajui mambo, ametoka bara, haelewi mji. Siye huku tunasema villageois kwa sauti ile ile. Kwa hiyo nikisema shamba ni neno zuri, sisemi lugha yetu ni safi. Nasema tu kwamba shamba bado linaonyesha ardhi na mtu anayelima pale, wakati field ya matangazo imekwisha kuwafuta wote wawili.

6. Field inayofaa: champ-école

Kuna matumizi moja ya neno hili ambayo mimi nayapenda. Mwaka 1989, mu Indonesia, FAO ilianza pamoja na serikali ya kule ile inayoitwa Farmer Field School. Mpunga ulikuwa umeshambuliwa na mdudu mdogo anayefyonza mimea, na dawa zilizomwagwa kwa wingi ziliua wadudu wema waliokuwa wanamkula yeye. Mwaka 1986 serikali ilikuwa imekataza dawa 57 ku mpunga. Lakini kukataza hakutoshi, lazima mlimaji mwenyewe ajue kutofautisha mdudu mbaya na mdudu rafiki. Basi walimaji wakakusanyika kila juma, msimu mzima, ku shamba moja, wakihesabu wadudu ku mimea, wakichora walichoona, wakijadiliana, wakiamua wenyewe.

Kwa Kifaransa ikawa champ-école paysan, ambayo wengi wetu tuliisoma na wengine wameifanyia kazi. Tanzania wanasema shamba darasa. Muone waliotafsiri walivyochagua: hawakusema terrain-école. Walisema champ. Waliuliza, bila shaka, swali lile lile la upande wa pili. Hapa field haiko kinyume na biro. Iko kinyume na ubao. Shamba njo kitabu, na wanaolisoma ni wenye shamba.

Na swali hilo linatupa pia namna ya kupima mradi unaojiita champ-école. Kama mtu wa mradi anafika na posta zake, anaongea saa mbili chini ya mti, na hakuna aliyeingia mu mistari kuhesabu kitu, basi ubao umerudi. Wameandika field ku karatasi, lakini shamba halikufundisha mtu.

7. Tufanye nini?

Kwa wanafunzi: ukikutana na field mu makala ya Kingereza, usikimbilie “shamba”, wala usiiachie mashini peke yake. Uliza kinyume chake ni nini mu sentensi ile: pori, kambi, labo, maktaba, ubao, biro? Kama hakuna kinyume, jaribu kuuliza inafika wapi, na kama ni hesabu, shika jina la Kifaransa pembeni. Namna hiyo inasaidia ku maneno mengine pia. Plant ni mmea, lakini pia kiwanda. Yield ni mavuno, lakini ku barabara za Marekani ni kumpisha mwingine.

Kwa wanaotafuta kazi: usiandike uongo, lakini usijiandikie 0 pia. Acha neno field, weka vitu vinavyopimika. Andika fasi, mazao, ukubwa, misimu, na ulichofanya: maharagi, are 20, Kabare, saison B mbili, nilipima mavuno na kuandika gharama. Anayesoma hawezi kufinya maneno hayo. Na kama anatafuta mtu wa enquête, ataona mara moja kama uko naye au hauko.

Kwa walioisha kupata kazi, wakubwa na dada zetu walio ku maprojet: ku rapoti ya mwezi ujao, mujaribu kuondoa kila field na kila terrain, na muandike jina la kijiji na la mwenye shamba kama amekubali. Mutaona sentensi ngapi zinasimama, na ngapi zinaanguka kwa sababu hakuna mtu aliyefika pale kweli.

Na ile “tunashuka”, tuiachie watu wa Uvira.